Kuchagua Mji wa Kuishi Karibu na Milima ya Skii

Kila mwaka, siku zinapoanza kufupika, makampuni yanayoendesha viwanja vya skii katika milima ya Colorado huanza kutafuta wafanyakazi wa msimu: madereva wa mabasi, wapishi, wasafishaji wa vyumba vya hoteli, wasimamizi wa viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani. Nyuma yao huhama pia mafundi, wauguzi, walimu na watoto. Somo hili limekusudiwa kaya za wasemaji wa Kiswahili zilizoko Denver, Aurora, Greeley na kwingineko jimboni, ambazo zinatafakari kuhamia huko juu, ama kwa ajili ya kazi, ama kwa kuwa watoto wamekwisha kuonja mchezo wa kuteleza thelujini na sasa hawazungumzi jambo jingine nyumbani.

Hatutasema mji upi ni bora kuliko mwingine. Wingi wa theluji na uzuri wa mandhari kila mtu anaweza kuvitazama kwa macho yake. Yanayoiumiza kaya baada ya kuhama ni mambo ambayo picha haziyaonyeshi: barabara ya mwezi wa Januari, mapato ya mwezi wa Mei, na swali la ufunguo wa nyumba uko mikononi mwa nani.

Mji wa juu na mji wa chini

Msomaji ataielewa mapema ramani ya maisha ya milimani akitambua kwamba miji hii huenda jozi jozi. Kuna mji ulio miguuni pa kiwanja cha skii chenyewe, kama vile Vail, ambako uwanja ulifunguliwa mwaka 1962, au Breckenridge, au Aspen. Humo sehemu kubwa ya nyumba ni za watu wanaokuja kwa mapumziko, au hupangishwa kwa wageni kwa siku chache chache. Na kuna mji ambao wafanyakazi wa mji wa kwanza hulala. Wanaofanya kazi Vail huishi Eagle, Gypsum au Leadville. Wanaofanya kazi Breckenridge huvuka mlima kutoka Fairplay. Wanaofanya kazi Aspen hutoka Carbondale, Glenwood Springs, na wengine mbali hadi Rifle.

Kadiri unavyojitenga na kiwanja cha skii, ndivyo kodi ya pango inavyoelekea kushuka. Hapo ndipo kaya nyingi hufanya uamuzi, nasi tunaiomba isifanye uamuzi hapo. Wahenga walisema cha rahisi ni ghali, na kuna njia ya kulipima neno hilo kwa kalamu na karatasi.

Hesabu ya barabara

Tuchukue mfano. Tarakimu zake tumezitunga kwa ajili ya somo. Weka za kwako mahali pake. Mume na mke wote wawili wamepata kazi katika kiwanja cha Copper Mountain, kila mmoja na zamu yake. Wameonyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza iko Leadville, kodi yake dola 1,900 kwa mwezi. Ya pili iko Silverthorne, kodi yake dola 2,600. Tofauti ni dola 700, na kwa mtu anayehesabu kila senti jibu laonekana wazi.

Lakini kutoka Leadville hadi Copper ni kiasi cha maili 24, kwa njia inayovuka kilele cha Fremont Pass. Kwenda na kurudi ni maili 48. Kwa siku 22 za kazi, gari moja litakwenda maili 1,056. Na kwa kuwa zamu hazilingani, magari ni mawili, yaani maili 2,112 kwa mwezi. Tukikadiria senti 30 kwa kila maili kwa ajili ya mafuta, oili, matairi na uchakavu, ni dola 634. Nyumba ya kwanza ni ya zamani, mbao zake zinapitisha upepo, na kuipasha joto kunazidi nyumba ya pili kwa dola 150 kila mwezi wa baridi. Matairi ya theluji kwa magari mawili tuseme ni dola 1,600, nayo yadumu misimu 4 ya miezi 6. Ni dola 67 kwa mwezi. Jumla ya nyumba ya kwanza ni dola 2,751.

Nyumba ya pili iko kwenye njia ya mabasi ya kaunti ya Summit, yaitwayo Summit Stage, ambayo abiria hapandi kwa nauli. Miji ya Silverthorne, Dillon, Frisco na Breckenridge, pamoja na Copper na Keystone, yote imo katika mtandao huo. Kaya ikitumia basi kwa kazi, nyumba ya dola 2,600 inakuwa nafuu kwa dola 151, na kila mmoja wa wawili hao anaokoa saa zisizopungua 20 kwa mwezi ambazo angezimalizia nyuma ya usukani.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Mke amepata kazi katika shule ya Leadville, na mume ndiye pekee anayevuka mlima. Gharama ya maili inashuka hadi dola 317, jumla inakuwa dola 2,434, na nyumba ya Leadville imeshinda kwa dola 166. Kwa hiyo Leadville haina kosa, wala Silverthorne haina sifa ya kudumu. Mji huo una kazi zake wenyewe: shule, hospitali, na mgodi wa molibdeni wa Climax ulioko juu kabisa ya Fremont Pass. Jibu la hesabu hutegemea kazi zenu ziko wapi na zamu zinaanza saa ngapi.

Kuhusu zamu tunatia mkazo. Mtu anayetengeneza theluji kwa mashine hufanya kazi usiku kucha, na mpishi wa kifungua kinywa huanza kabla ya mapambazuko. Kabla ya kulihesabu basi kuwa ni usafiri wako, soma ratiba ya majira ya baridi na ya kiangazi, kwa maana hazifanani, kisha tazama basi la kwanza na la mwisho kwa kituo chako mwenyewe. Bonde la Roaring Fork, kati ya Glenwood Springs na Aspen, lina mabasi ya haraka tangu mwaka 2013 yanayokwenda mara kwa mara mchana kutwa, na kwa mfanyakazi asiye na gari bonde hilo ni jepesi zaidi kuliko mahali pengi pa milimani.

Barabara inapofungwa

Barabara kuu ya I-70 ndiyo mshipa wa miji hii yote iliyo kati ya Denver na Glenwood Springs. Hupita katika handaki la Eisenhower, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na hufungwa kwa dhoruba, kwa ajali, kwa maporomoko ya theluji au ya matope. Mwaka 2021, matope yaliyoshuka kutoka miteremko iliyoungua mwaka uliotangulia yaliifunga barabara hiyo katika bonde jembamba la Glenwood Canyon kwa takriban wiki mbili. Aliyekuwa akiishi upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili alilazimika kuzunguka kwa saa nyingi, au kukaa nyumbani bila ujira.

Kwa sababu hiyo, swali la kumwuliza mwajiri kabla ya kukubali kazi ni hili: barabara ikifungwa na nisifike, siku hiyo inahesabiwaje? Wapo waajiri wenye utaratibu ulioandikwa. Wapo wengine ambao jibu lao hutegemea hali ya moyo wa msimamizi asubuhi hiyo, na ni vyema ulijue hilo ukiwa bado huku chini.

Kisha matairi. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, sheria ya jimbo inamtaka kila dereva wa gari dogo kwenye I-70, kati ya Morrison na Dotsero, awe na matairi ya theluji, au matairi yenye alama ya M+S, au gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, au minyororo ya kufunga kwenye matairi. Kina cha kashata za tairi hakitakiwi kupungua sehemu 3 za inchi iliyogawanywa mara 16, karibu milimita 5. Faini ya kuvunja sheria hii dhoruba ikiwapo inazidi dola 130, na gari lako likikwama na kuziba njia kwa sababu ya matairi mabovu inazidi dola 650. Muuzaji wa gari kuukuu huko Denver hana wajibu wa kukukumbusha hayo. Pima kashata mwenyewe kabla ya kulipa.

Ufunguo ni wa nani

Hili ndilo fungu tunaloomba lisomwe mara mbili, ikiwezekana na watu wazima wote wa nyumbani.

Kwa kuwa nyumba ni haba, waajiri wengi wa milimani humpatia mfanyakazi kazi na malazi kwa pamoja. Ni msaada wa kweli, na kwa kijana asiye na familia huenda ikawa njia bora ya kuonja maisha ya huko. Lakini sheria ya Colorado haiutazami mkataba huo kama inavyoutazama upangaji wa kawaida. Mpangaji wa kawaida aliyechelewesha kodi au aliyevunja sharti hupewa siku 10 za kurekebisha kabla mwenye nyumba hajakwenda mahakamani kumwondoa. Katika nyumba ya mwajiri siku hizo ni 3. Na pale ambapo malazi yametolewa kama sehemu ya ujira, kazi ikikoma mwajiri anaweza kuikatisha haki ya kukaa humo kwa notisi ya maandishi ya siku 3.

Fikiria maana yake. Baba ameumia bega, au amekosana na msimamizi, au theluji imechelewa na watu wamepunguzwa. Jumatatu kazi imekwisha, na Alhamisi familia yenye watoto wa shule inatafuta pa kulala katika mji ambao vyumba vyake vimejaa watalii. Waliofika ofisini kwetu wakiwa katika hali hiyo karibu wote walikuwa wameusoma mshahara kwenye mkataba, wala hawakuusoma ukurasa wa malazi. Kama ukurasa huo umeandikwa kwa lugha usiyoimudu, usiutie sahihi siku hiyohiyo. Omba nakala, uende nayo kwa mtu atakayekusomea.

Kama kaya ina watoto na imeamua kuchukua nyumba ya mwajiri, jadilini naye mambo mawili yaandikwe: kwamba kazi ikikoma bila kosa la mfanyakazi, familia itaruhusiwa kukaa kwa siku kadhaa zinazotajwa, na kwamba kodi itakayokatwa kwenye mshahara itatajwa kwa dola, si kwa maneno ya jumla. Atakayekataa kuandika atakuwa amekufundisha jambo.

Pengine utasikia juu ya nyumba zenye sharti la mkaazi. Hizi ni tofauti na nyumba za mwajiri. Serikali ya mji au kaunti huiwekea nyumba sharti la kudumu kwamba anayekaa humo awe mtu anayefanya kazi katika eneo hilo, ili isigeuzwe kuwa nyumba ya mapumziko. Mji wa Vail ulianza mwaka 2017 kuwalipa wamiliki ili waweke sharti hilo kwenye nyumba zao. Katika kaunti ya Pitkin, ambamo Aspen imo, mkaazi hutakiwa afanye kazi ndani ya kaunti saa zisizopungua 1,500 kwa mwaka. Unaweza kuacha kazi ya hoteli ukachukua ya hospitali, na nyumba ikabaki yako. Mnunuzi wa nyumba kama hiyo hupata bei nafuu, lakini mara nyingi faida atakayoipata siku ya kuuza imewekewa kikomo, na orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Jiandikishe mapema, hata kabla hujawa na hakika ya kuhama.

Katika upangaji wa kawaida, tazama tarehe ya mwisho kuliko unavyotazama kodi. Mkataba unaokoma mwanzoni mwa Novemba humwezesha mwenye nyumba kuipangisha kwa wateleza theluji kwa bei ya msimu, nawe ukajikuta nje majira mabaya kuliko yote. Tafuta miezi 12 kamili. Jua pia kwamba tangu mwaka 2023 amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi miwili, hata kama mwenye nyumba atadai kuwa desturi ya milimani ni nyingine.

Miezi ya matope

Viwanja vingi hufungwa katikati au mwisho wa Aprili. Wageni hurudi mwezi wa Juni. Katikati yake theluji huyeyuka, njia hujaa tope, mikahawa hufunga milango, na saa za kazi hupungua au kukoma kabisa. Hali hujirudia mwezi wa Oktoba. Kodi ya pango haijui miezi hiyo. Kaya inayopanga bajeti kwa mshahara wa Februari itakopa Mei. Gawanya mapato ya mwaka mzima kwa 12, kisha pima kodi dhidi ya mgawo huo.

Mwinuko na mwili

Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Frisco ni kiasi cha mita 2,770, juu kidogo ya kituo cha Mandara ambapo wapandaji wa Kilimanjaro hulala usiku wa kwanza katika njia ya Marangu. Leadville iko takriban mita 3,090. Kilele cha Fremont Pass, ambacho mume wa mfano wetu hukivuka kila siku, kinakaribia kimo cha ukingo wa volkano ya Nyiragongo. Wengi huzoea baada ya siku au wiki kadhaa. Wapo wasiozoea.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya wageni havilisemi, nalo linazihusu familia zenye asili ya Kiafrika kuliko wengine. Mwenye ugonjwa wa selimundu anaweza kupata madhara makubwa mahali ambapo oksijeni ni chache. Hata yule anayebeba chembe hiyo bila kuugua, ambaye pengine hajui kuwa anaibeba, anaweza mara chache kupatwa na uharibifu wa wengu akiwa mwinukoni, dalili yake ikiwa ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa mara wazaliwapo. Waliozaliwa kwingine huenda hawakupimwa. Muulize daktari kipimo hicho kabla ya kulipa amana. Mama mjamzito pia azungumze na mkunga wake, kwani watoto wanaozaliwa mwinukoni huwa na uzito mdogo zaidi kwa wastani.

Kwa anayenunua

Tutasema machache, maana ununuzi una somo lake katika kijitabu hiki. Pata bei ya bima ya nyumba kabla ya kutoa ahadi, si baada yake. Moto wa East Troublesome wa Oktoba 2020 uliteketeza mamia ya nyumba katika kaunti ya Grand, ambamo Winter Park imo, na zipo nyumba za milimani ambazo kampuni za bima huzikataa. Sheria ya mwaka 2023 iliunda mpango wa bima kwa waliokataliwa, lakini ni kimbilio la mwisho na kinga yake ni finyu. Uliza kama nyumba imo katika wilaya maalumu ya kodi iliyokopa fedha za kujengea barabara na maji, kwa sababu deni hilo huongezwa kwenye kodi yako ya majengo. Uliza ada ya chama cha wamiliki, na kama paa linakaribia kubadilishwa kwa mchango wa wote. Taka matokeo ya kipimo cha gesi ya radoni, ambayo hupanda kutoka ardhini na imeenea Colorado nzima. Tangu mwaka 2023 muuzaji na mwenye nyumba ya kupanga wanatakiwa kueleza wanachokijua juu yake.

Zoezi

Chagua mji mmoja unaoufikiria. Nenda mara mbili: siku ya kazi ya mwezi wa Januari, saa ileile ambayo zamu yako ingeanza, ukitoka kwenye nyumba unayoitaka hadi mlango wa kazini, na tena katikati ya Mei, maduka yakiwa yamefungwa. Safari ya pili mpeleke pia yule asiyetaka kuhama. Omba kuonyeshwa ankara za umeme au gesi za Januari na Februari zilizopita. Ulizia umbali wa hospitali yenye chumba cha uzazi, na kama shule ina mkalimani wa Kiswahili kwa mikutano ya wazazi. Rudia hesabu ya maili kwa tarakimu zako, ukiziandika mbele ya wote mnaohama pamoja, na ulete karatasi hiyo pamoja na nakala ya mkataba ofisini kwetu kabla ya kutia sahihi. Huduma ya kuusoma mkataba hailipiwi.